Shahidi Aliyecheka

Clavery alicheka kwenye maziko ya mama yake mzazi. Halikuwa tabasamu la mtu aliyekosa la kusema. Kilikuwa kicheko kamili, cha kushika mbavu, mbele ya padri, mbele ya jeneza, na shangazi zake wote wakimtazama. Ulikuwa mwaka 1980. Watu walishtuka, wakanong'onezana, kisha wakamsamehe. Walisema ni vita. Siku zile karibu kila kitu kilisamehewa kwa jina la vita: maduka yasiyo na sukari, daraja lililolipuliwa, mume aliyerudi akawa hasemi na mtu. Clavery naye alikuwa amerudi na kovu refu kama kidole juu ya sikio la kushoto, na kijiji kikaridhika kwamba kicheko kile kiliingilia hapo.

Na kweli kiliingilia hapo. Majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978, Clavery alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye mke aitwaye Clotilda, mtoto mmoja aitwaye Ildefons, na kibanja kizuri cha ndizi na kahawa nje kidogo ya Kamachumu. Aliingia mgambo, akavuka Mutukula na wenzake, na kwenye barabara ya kwenda Masaka kipande cha kombora kikamwingia kichwani. Alilala wiki tatu bila kujitambua. Siku alipofumbua macho, muuguzi alimwambia kwa upole kwamba rafiki aliyekuwa naye kwenye handaki amefariki. Clavery akacheka mpaka muuguzi akamzaba kofi.

Daktari wa hospitali moja ya misheni, mzungu mzee aliyekijua Kihaya kuliko Kiswahili, alimweleza Clotilda kwa maneno mepesi. Alisema kila mtu ana mlango ndani ya kichwa unaozuia kicheko na kilio visitoke ovyo, na mlango wa mumewe umevunjika komeo. Kinachotoka si lazima kiwe kile anachokihisi. Dawa hakuna. Clotilda aliuliza kama atapona, naye daktari akajibu kwamba atazoea. Watu wenye afya hulisema neno hilo kirahisi sana.

Hakuzoea. Kicheko kilikuja bila kuitwa, kwa sababu ndogo kabisa: kengele ya kanisa, mtoto aliyejikwaa, habari mbaya redioni. Kilianzia kifuani, kikapanda kooni, na kikishafika hapo hakuna mwanadamu wa kukirudisha. Kilidumu muda wa kumenya ndizi tatu nne, kisha kikamwacha amechoka, ana aibu, anatafuta pa kuweka uso. Mara nyingine kilikuja kilio badala yake. Kwenye kilabu cha lubisi, pombe ya ndizi, walikuwepo wanaume waliompigia hadithi za kuchekesha kwa makusudi, ili tu wamwone akibubujikwa machozi, wao wakigonga magoti kwa raha. Wengi wao walikuwa hawakosi misa ya Jumapili.

Mtu mmoja tu nje ya nyumba yake aliuelewa ugonjwa ule tangu mwanzo, naye ni jirani yake Buberwa. Walilelewa pamoja, walitumikia misa pamoja wakiwa watoto, na shamba la mmoja liliishia pale lilipoanzia la mwenzake. Buberwa alibuni dawa ambayo daktari hakuwa nayo. Kila palipotokea msiba aliketi ubavuni mwa Clavery akiwa amevaa koti lake kubwa la kahawia, hata kama jua linawaka. Akiona tu mabega ya mwenzake yameanza kutikisika, alimvuta kifuani, akamfunika kichwa kwa lile koti na kusema kwa sauti ya kusikika, "Pole, mwenzangu. Pole. Jikaze." Chini ya koti, kicheko na kilio havina tofauti. Watu wakawa wanasema Clavery ana moyo mwepesi sana, anawalilia watu wasio hata ndugu zake.

Basi kwa miaka minne koti lile lilimtunzia Clavery heshima yake. Nalo lilikuwa na kazi kubwa, maana misiba ilianza kufuatana. Ulikuwa umeingia ugonjwa mpya, ambao watu waliubatiza Juliana kwa jina la mashati yaliyoletwa kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Waliougua kwanza walikuwa vijana wa biashara, na Buberwa aliwahi kuifanya biashara hiyo kwa misimu miwili. Mwaka 1984 suruali zikaanza kumpwaya. Mkewe Rozi akawa anamlisha mboga na mayai, na mwili haukushika kitu.

Buberwa hakuwa mtu wa kujidanganya. Alikuwa na mabinti watatu, mkubwa wao Bernadeta, na hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa pia na kaka mkubwa, Karugendo, aliyeanza kupita kibanjani kuhesabu mibuni wakati mwenye mibuni bado anapumua. Kwa mila ya pale, mwanamume akiona mwisho wake unakaribia huita watu wanne, wawili wa ukoo wake na wawili wa nje, na kuusia mbele yao nani atabaki na nini. Siku ya kumaliza msiba, wanne hao husimama mbele ya ukoo na kuyarudia maneno yake. Yasiporudiwa, ni kama hayakusemwa.

Clavery alishangaa kujikuta ni mmoja wa wanne walioitwa.

"Waitu, mwenzangu, unanijua nilivyo," alimwambia Buberwa. "Tafuta mtu mwenye afya. Kwa nini usiandike karatasi?"

"Karatasi Karugendo ataichoma. Watu wanne hawezi kuwachoma," alijibu Buberwa. Alikuwa amelala kando ya ukuta, mifupa ya uso imetokeza, macho yamebaki yale yale. "Na wewe ndiye peke yako ambaye hawezi kukununua."

Wanne walipokusanyika, Buberwa alisema maneno yake polepole. Nyumba, na kibanja chote kuanzia mti wa mlamula wa mpakani hadi kijito, vibaki mikononi mwa Rozi mpaka afe, kisha viende kwa mabinti. Rozi asirithiwe na mwanamume yeyote bila kupenda. Alipomaliza aliomba kahawa ya kutafuna, ya kufunga kiapo, akazimimina punje kwenye kiganja chake, akaunyoosha mkono ili kila shahidi achukue zake mle mle. Zamu ya Clavery ilipofika, alikitazama kile kiganja kilichokauka, na kicheko kikamlipuka. Alicheka mpaka akaanguka magoti. Mashahidi wengine waliinamisha nyuso. Buberwa peke yake ndiye aliyecheka naye, kwa kile kidogo cha pumzi alichobaki nacho.

"Cheka, mwenzangu," alimwambia. "Chukua kahawa yako."

Kosa la Buberwa lilikuwa kudhani kwamba atakufa mapema. Alikaa miezi minane. Katika miezi hiyo mashahidi wake wawili walimtangulia kaburini, wote kwa ugonjwa ule ule, mmoja wao akiwa mwalimu mwenye umri wa miaka thelathini. Shahidi wa tatu, Mutembei, alikuwa mtu wa ukoo, naye alikufa kwa namna nyingine: Karugendo alimwahidi kipande cha mibuni cha upande wa kijito, na tangu hapo Mutembei akawa anasema kwamba siku ile alikaa karibu na mlango, hakusikia vizuri. Karugendo hakuhitaji kumchoma mtu.

Buberwa alipokufa, Clavery hakusogelea kaburi. Alisimama nyuma kwenye mibuni, ameuma kola ya shati lake, anacheka ndani kwa ndani huku moyo ukimpasuka kwa uchungu. Waliomwona walisema amemkimbia rafiki yake. Koti la kahawia lilikuwa linazikwa pamoja na mwenyewe, na ndani ya nyumba Rozi alikuwa akilia kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni pamoja na wanawake.

Usiku wa matanga ulipita, wa pili ukapita, na asubuhi moja Rozi alikuja kwa Clavery, kichwa amekifunga kwa kipande cha mgomba mkavu kama mfiwa.

"Baba Ildefons," alisema, "umebaki wewe tu. Karugendo ameniambia wazi: ama anirithi, ama niondoke. Na mimi naona jinsi anavyokohoa. Sitaki kufa mara mbili kwa ndugu wawili. Utaweza kusema?"

"Nitasema, Mama Bernadeta."

"Bila kucheka?"

Clavery alimtazama mkewe. Clotilda alijibu kwa niaba yake kwamba ataweza, kwa sababu watafanya mazoezi.

Wakafanya. Kila jioni Clotilda aliketi kwenye kigoda akijifanya yeye ndiye ukoo mzima, na Clavery alisimama mbele yake kuyasema maneno ya marehemu. Siku ya kwanza hakufika kwenye mlamula. Siku ya pili alifika kwenye kijito akaanza kulia. Walijaribu kubana pumzi, wakajaribu kuuma ulimi, wakajaribu kukandamiza ncha ya msalaba wa rozari kiganjani mpaka damu ikatoka. Ndipo Clavery akakumbuka Kilatini. Akiwa mtoto mtumishi wa misa alikuwa akijibu sala ndefu bila kujua neno hata moja linamaanisha nini, na hakuna kilichomgusa. Akaanza kuyasema maneno ya Buberwa hivyo hivyo, kwa kasi na kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama si maneno ya mtu aliyempenda. Yalitoka yote, toka mwanzo hadi mwisho. Clotilda alimfanya ayarudie mara kumi. Mara ya kumi alimkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu vita walikula chakula cha jioni kama watu wenye matumaini.

Siku ya kumaliza msiba, wanaume waliketi uani kwa Buberwa juu ya majani ya migomba, wanawake wakajaa mlangoni. Rozi alikuwa mbele, mabinti wake wamemzunguka. Mzee wa ukoo, Mushumbusi, aliuliza kama marehemu aliacha neno. Mutembei alisimama, akasema yale yake ya kukaa karibu na mlango, akaketi bila kumwangalia mtu. Kisha Clavery akaitwa.

Alisimama. Aliyatazama majani yaliyokuwa miguuni pake, akaukandamiza msalaba kiganjani, akaanza. Maneno yalitoka mfululizo: nyumba, kibanja, mlamula, kijito, Rozi mpaka afe, mabinti baada yake. Mlangoni Clotilda alikuwa anayasema naye kwa midomo tu, bila sauti. Yalibaki maneno machache sana. Lilibaki lile la kutorithiwa bila kupenda.

"Ngoja," alisema Karugendo.

Hakusema kwa ukali. Karugendo alikua pamoja na Clavery na marehemu, alikula nao, alikamata senene nao, alijua vizuri ni wapi pa kugusa.

"Wazee, huyu anatusomea kama yuko misani. Mimi ni ndugu wa marehemu, nina haki ya kusikia vizuri. Clavery, sema taratibu. Tueleze. Alikuwa amelalaje aliposema hayo? Alikuangalia vipi? Alikuwa ameshika nini mkononi?"

Ilikuwa halali kuuliza. Mushumbusi alitikisa kichwa kukubali. Na Clavery, maskini, akalazimika kukumbuka. Kilatini chote kikamtoroka. Alikiona kiganja kikavu, alizihesabu punje za kahawa, alimsikia rafiki yake akisema cheka, mwenzangu. Akaanza kicheko ambacho hata wale waliomzoea hawakuwahi kukisikia. Alijishika tumbo, akainama, akajaribu kusema "kahawa," ikatoka nusu, akacheka tena. Aligeuka upande wa kushoto, mahali ambapo kwa miaka minne palikuwa na koti, na hapakuwa na mtu.

"Mnaona," alisema Karugendo kwa huzuni ya kujitengenezea. "Hata mwenyewe uongo wake unamchekesha."

"Ni ugonjwa!" Clotilda alipiga kelele kutoka mlangoni. "Nyote mnajua ni ugonjwa!"

Wakamwambia wanawake hawasemi kwenye kikao cha ukoo. Rozi alikuwa amesimama wima, anamwangalia tu Clavery kama mtu anayetazama mtumbwi wake ukizama. Hayo macho ndiyo yaliyommaliza Clavery. Kicheko kiligeuka kikiwa bado mdomoni, kikawa kilio. Alilia kwa sauti, kamasi na machozi, amekaa chini kwenye majani.

Mushumbusi alikuwa mzee mwadilifu, na hilo ndilo linalouma zaidi. Hakununuliwa na mtu. Alimtazama Clavery, akasema kwa upole, "Basi. Amecheka aliposema uongo, na sasa analia kwa kutubu. Tumwache." Wazee wote wakakubali kwamba jambo liko wazi. Waliokuwa wamewahi kumliza kwa hadithi za kilabuni walikuwepo pale, waliujua undani wa ugonjwa ule kuliko mtu yeyote, na hakuna aliyefungua kinywa. Kibanja akapewa Karugendo.

Rozi aliondoka baada ya siku tatu. Alipita mbele ya nyumba ya Clavery na mabinti wake watatu, Bernadeta amebeba sufuria kichwani, mdogo amebebwa mgongoni. Clavery alikuwa uani anaanika kahawa. Alitaka kukimbia amshike mkono, amwambie kwamba alijaribu. Alijua atakachokuta kinywani mwake akifika barabarani. Akageuka na kuingia ndani ya migomba, na Rozi akauona mgongo wake.

Tangu hapo hakuitwa tena mahali popote. Watu waliendelea kufa na kuusia, karibu kila mwezi kulikuwa na wanne wanaoitwa nyumba fulani, na walioitwa walipita mbele ya lango lake bila kusimama. Kwenye misiba alikwenda, kwa sababu asiyekwenda husemwa kwamba yeye ndiye aliyeua, lakini alikaa mwisho kabisa, peke yake, kichwa katikati ya magoti. Clotilda alitaka kumshonea koti. Alikataa kwa hasira, na haikuwa tabia yake kukasirika.

Mwaka 1989 Karugendo naye alikufa, amekonda kama alivyokonda mdogo wake, ndani ya nyumba ile ile. Clavery hakuficha alichohisi, angalau kwa mkewe. Alifurahi. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka minne, na aliomba jambo moja tu, kwamba asimame kaburini akiwa na uso mkavu. Hakuomba kicheko, ingawa safari hii kicheko kingekuwa cha haki. Aliomba atulie tu, kama mtu mwingine yeyote aliyemzika mtu asiyempenda.

Jeneza lilipoanza kushuka, alilia. Alilia vibaya. Mabega yalimruka, sauti ikapanda juu ya nyimbo, akapiga magoti kwenye udongo uliochimbuliwa na akashindwa kuinuka. Wanawake walianza kulia upya kwa kumwona yeye. Mushumbusi, ambaye sasa alitembelea fimbo mbili, alijikongoja mpaka alipokuwa, akamwekea mkono kichwani.

"Mwanangu, umesamehe," alisema. "Mungu amekuponya."

Watu waliokuwa karibu wakaitikia kwamba ni kweli, amepona. Walimwinua, wakamkalisha kwenye kiti mbele, na mtu mmoja akamletea maji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kijiji kumpa heshima tangu kikao kile cha ukoo.

Hapo ndipo alipomwona Rozi. Alikuwa amekuja kutoka Bukoba, kwa sababu mwanamke aliyeolewa na ukoo huja kuzika hata akiwa amefukuzwa. Walisema huko mjini amepanga chumba kimoja Buhembe na anauza ndizi Miembeni. Alikuwa amekonda. Bernadeta alikuwa naye, msichana mrefu sasa, mwenye macho ya baba yake. Rozi alisimama mbele ya kile kiti, akamtazama Clavery anavyomlilia Karugendo. Clavery alifungua kinywa aeleze, na kilio kikaendelea kutoka peke yake.

Rozi aligeuka akaenda zake. Clotilda alimkimbilia mpaka kwenye mlamula, akamshika kitenge.

"Mama Bernadeta, bojo, tafadhali, usimfikirie vibaya. Nakuapia, moyoni hamlilii. Ni ule ugonjwa."

"Najua ni ugonjwa," alisema Rozi. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Hata siku ile nilijua. Mume wangu aliniambia kila kitu. Ila nieleze kitu kimoja, Mama Ildefons. Ugonjwa unaokosea kila siku, mbona haujakosea hata mara moja kwa faida yangu?"

 Clotilda aliachia kitenge, na Rozi na binti yake wakateremka kwenda barabarani kutafuta gari la kurudi Bukoba.